Tuujue Uyoga Kabla ya Kuutia Chunguni

Ndugu msomaji, mvua za kwanza zikinyesha, watoto huamka mapema. Huchukua vikapu na kukimbilia porini. Hupita kwenye vichuguu kimoja kimoja. Hurudi na uyoga, na siku hiyo nyumbani kuna mboga tamu isiyonunuliwa hata kwa senti moja.

Uyoga ni chakula kizuri. Sehemu kubwa ya uyoga ni maji, lakini ndani yake mna protini na vitamini pia. Tena huota wakati ule ambao ghala limepungua na mahindi ya shambani bado ni machanga. Kwa hiyo leo sikuandikii kukukataza kula uyoga. Nakuandikia ili uule ukiwa unaujua.

Nitakueleza habari za uyoga ambao wataalamu waliuita mpya, mmoja wa Zambia na mwingine wa hapa kwetu Singida. Utaona jinsi wanavyoutambua uyoga na kuupa jina. Utaona pia kwamba njia yao inaweza kukusaidia nyumbani kwako. Lakini kwanza nikusimulie jambo lililotokea katika zahanati ninayofanyia kazi.

Usiku wa kutapika

Usiku mmoja wakati wa mvua niligongewa mlango. Nilipofungua nilimkuta baba mmoja na mkewe, pamoja na watoto wao watatu. Wote walikuwa wanatapika na kuharisha. Mtoto mdogo alikuwa amelegea na macho yake yameingia ndani.

Niliwauliza walikula nini. Baba akajibu, "Ugali na uyoga, daktari."

"Uyoga gani?"

"Uyoga wa kawaida tu. Kwetu tunaula miaka yote."

Hatari ilikuwa katika neno hilo "kwetu". Familia hiyo ilikuwa imehamia kijijini kutoka mkoa mwingine, na ilikuwa haijamaliza mwaka. Siku hiyo waliona uyoga mkubwa mweupe katika malisho ya ng'ombe. Ulifanana na uyoga wa kwao. Wakaukata kwa kisu juu ya ardhi, wakaupika kwa karanga.

Nikawauliza zaidi. Kofia ilikuwa na rangi gani upande wa chini? Hawakukumbuka. Shina lilikuwa na pete? Hawakuangalia. Chini ya ardhi kulikuwa na nini? Hawakuchimba. Na sufuria ilikuwa imekwisha oshwa. Nilikuwa mganga mbele ya wagonjwa watano, na sikuwa na kipande cha uyoga cha kutazama.

Jambo moja tu walilijua vizuri, nalo ni saa. Walikula saa 1 jioni, wakaanza kutapika saa 3 usiku. Nililiandika hilo kwenye karatasi. Nikawapa maji ya chumvi na sukari usiku kucha, na alfajiri tukawapeleka hospitali ya wilaya pamoja na karatasi yangu. Baada ya siku 2 walirudi wakiwa wazima. Tulishukuru.

Bibi alichimba

Siku waliyorudi nilikwenda kwa bibi mmoja ambaye kijiji kizima kinajua kwamba ni fundi wa uyoga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia wageni wetu wameumia."

"Ndiyo, bibi. Nimekuja unisaidie. Uyoga ule bado upo malishoni."

Tulikwenda pamoja na yule baba. Alituonyesha mahali. Uyoga ulikuwa umebaki kama mitano hivi, mikubwa, na kofia zake nyeupe zilikuwa na magamba ya rangi ya kahawia. Bibi hakusema neno. Alipiga magoti, akachimba kwa mpini wa jembe, akautoa mmoja mzima.

"Tazama," akasema. "Hauna mzizi. Uyoga wetu wa kichuguu una mzizi mrefu, unakwenda mpaka nyumbani kwa mchwa. Huu umekaa juu juu tu."

Yule baba aliutazama kwa muda. Kisha akasema, "Hata ule wa kwetu una mzizi. Mama alikuwa akiung'oa. Mimi niliukata."

Nilichukua kofia moja nikaenda nayo zahanati. Usiku niliilaza juu ya karatasi nyeupe ya daftari, nikaifunika kwa bakuli. Asubuhi nilipoinua kofia, karatasi ilikuwa na vumbi la rangi ya kijani. Nilimpelekea bibi akaona. Akacheka, akasema, "Hilo la karatasi sikulijua. Mzizi naujua tangu utoto."

Ndugu msomaji, uko uyoga ambao wataalamu wanauita Chlorophyllum molybdites. Unapatikana Afrika Mashariki na katika nchi nyingine nyingi za joto. Huota katika majani. Ni mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia. Hutoa vumbi la kijani, jambo ambalo ni nadra sana katika uyoga. Anayeula huanza kutapika na kuharisha baada ya saa 1 hadi 3 hivi. Alama tulizoziona zilikuwa hizo hizo.

Uyoga mkubwa wa Zambia

Sasa tuje kwa wataalamu. Katika nchi jirani ya Zambia kuna uyoga unaoota penye vichuguu. Kofia yake inaweza kufika upana wa mita 1, na shina lake linaweza kupita nusu mita. Uyoga mmoja unatosha kulisha nyumba nzima. Wenyeji waliula na kuuuza sokoni kwa miaka mingi. Walikuwa na jina lao, chi-ngulu-ngulu.

Lakini katika vitabu vya wataalamu wa dunia uyoga huo haukuwamo. Mwaka 1980 wataalamu wawili, David Pegler wa bustani ya mimea ya Kew huko Uingereza, na Graham Piearce aliyekuwa akifanya utafiti Zambia, waliuandika kwa mara ya kwanza. Waliupa jina la Termitomyces titanicus. Neno la pili lina maana ya jitu kubwa.

Basi, uyoga huo ulikuwa mpya kwa nani? Kwa mama wa sokoni haukuwa mpya. Ulikuwa mpya katika maandishi. Wataalamu wanaposema "aina mpya" wana maana kwamba hakuna aliyekwisha kuieleza aina hiyo kwa utaratibu na kuipa jina linalotumika dunia nzima.

Uyoga wa Singida

Hapa kwetu Tanzania kazi kama hiyo ilifanyika pia. Marja Härkönen na Taina Saarimäki kutoka Finland walishirikiana na Leonard Mwasumbi, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walikwenda vijijini. Waliwauliza wananchi uyoga gani huliwa, huitwaje, na huota wapi. Walichukua uyoga na kuuchunguza.

Mwaka 1994 waliandika habari za uyoga wa kichuguu ambao ulikuwa haujaandikwa na mtu yeyote. Waliuita Termitomyces singidensis. Soma neno la pili polepole, utaliona jina la Singida ndani yake. Mahali popote duniani mtaalamu akitaja uyoga huo, anataja mkoa wetu.

Mwaka huo huo waliandika aina nyingine mbili zinazoliwa, Amanita tanzanica na Amanita masasiensis. Hapa utaona jina la Tanzania na jina la Masasi.

Kwa nini majina mawili?

Majina haya ni magumu kutamka, lakini mpango wake ni rahisi. Jina la kwanza ni la ukoo. Jina la pili ni la aina yenyewe. Ni sawa na mtu mwenye jina la ukoo na jina lake mwenyewe. Watu wa ukoo mmoja hufanana, lakini kila mmoja ni yeye.

Ukoo wa Termitomyces ulipewa jina hilo mwaka 1942 na Mfaransa Roger Heim. Maana yake ni uyoga wa mchwa. Mchwa wa vichuguu ni wakulima hodari. Hula majani makavu na miti, kisha hutengeneza sega chini ya ardhi. Katika sega hilo huotesha uyoga, nao uyoga hulainisha chakula ili mchwa waweze kukitumia. Mvua ikinyesha, uyoga hupenya kutoka katika sega mpaka juu ya ardhi. Ndiyo sababu una mzizi mrefu. Na katikati ya kofia aghalabu pana ncha ngumu ya kutobolea udongo. Bibi aliposema mzizi unakwenda nyumbani kwa mchwa, alisema kweli tupu.

Wataalamu hufanya nini?

Huenda unajiuliza, je, mtu akiona uyoga asioujua anaweza kuandika tu kwamba ni mpya? Hapana. Kuna kazi ya kufanya kwanza.

1. Huuchimba uyoga mzima, pamoja na sehemu iliyo chini ya ardhi. Huchukua mchanga na mkubwa, kwa sababu uyoga hubadilika unapokua.

2. Huandika mahali, tarehe, na mazingira. Je, uliota kwenye kichuguu, chini ya mti, katika majani, au juu ya gogo? Kama ni chini ya mti, ni mti gani?

3. Huandika rangi, harufu, na umbo ukiwa bado mbichi. Huangalia kama rangi inabadilika ukikatwa. Mambo hayo hupotea uyoga ukikauka.

4. Huwauliza wenyeji jina lake na matumizi yake.

5. Huchukua vumbi lake. Chini ya kofia kuna vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Tuviite kurasa. Humo hutoka vumbi laini ambalo ni kama mbegu za uyoga. Wataalamu huliita spora. Rangi ya vumbi hilo ni alama kubwa. Uyoga wa mchwa hutoa vumbi la rangi ya waridi iliyofifia. Ukoo wa Amanita hutoa jeupe. Ule uliowaumiza wageni wetu ulitoa la kijani.

6. Hutazama vumbi hilo kwa hadubini. Hupima urefu na upana wa chembe zake. Chembe moja ni ndogo sana. Milimita moja ukiigawa katika sehemu 1,000, chembe huwa na sehemu chache tu kati ya hizo. Siku hizi huchunguza pia vinasaba, yaani maelezo ya urithi yaliyo ndani ya kila kiumbe.

7. Huulinganisha na aina zote za ukoo huo zilizokwisha andikwa. Kazi hii inaweza kuchukua miaka.

8. Huukausha na kuuhifadhi mahali maalumu. Uyoga huo mkavu ndio shahidi. Mtu akiwa na shaka baada ya miaka 50, ataufungua na kuuangalia.

9. Mwishoni huandika maelezo katika jarida la wataalamu. Zamani ilikuwa lazima maelezo yawe kwa Kilatini. Tangu mwaka 2012 Kiingereza nacho kinakubaliwa. Na tangu mwaka 2013 jina jipya la uyoga lazima liandikishwe katika daftari linalotambuliwa na dunia.

Angalia jambo moja, ndugu msomaji. Katika kazi yote hiyo hakuna alama moja inayotosha peke yake. Rangi haitoshi. Ukubwa hautoshi. Mtaalamu mwenye hadubini anakusanya alama zote kwanza, ndipo anasema neno. Je, sisi wenye kisu na kikapu tutatosheka na alama moja?

Ukoo mmoja, tabia mbalimbali

Nilisema Amanita tanzanica na Amanita masasiensis huliwa. Usikimbilie kusema kwamba ukoo wa Amanita ni salama. Katika ukoo huo huo yumo muuaji mkubwa kuliko wote, Amanita phalloides. Uyoga huo ni wa Ulaya, nao umesafiri pamoja na miti iliyopelekwa nchi nyingine. Tanzania pia umeonekana. Una kofia ya kijani iliyofifia au ya manjano, na pengine huwa mweupe. Kurasa zake ni nyeupe. Shina lina pete, na chini kabisa lina kikombe kilichofukiwa udongoni. Uyoga mmoja unaweza kumwua mtu mzima.

Sumu yake haitoki kwa kupikwa. Haitoki kwa kukaushwa. Haitoki kwa kumwaga maji ya kwanza. Na wapo ndugu zake weupe kabisa wenye sumu ya namna hiyo hiyo.

Ukikata uyoga kwa kisu juu ya ardhi, kikombe kinabaki udongoni. Umeacha nyuma alama ambayo ingekuokoa. Kwa hiyo mazoea ya yule bibi ni mazoea ya wataalamu: chimba.

Mambo ya kufanya kabla ya kupika

Kwanza, chuma uyoga unaoujua tangu zamani, na unaojulikana na wazee wa mahali hapo ulipo. Ukiwa mgeni, ujuzi wa kwenu uweke kando kwa muda. Waulize wenyeji.

Pili, uchimbe mzima. Kama ni uyoga wa mchwa, utauona mzizi unaoendelea chini. Ukikuta kikombe au kifuko kwenye kitako cha shina, usiule, isipokuwa wazee wa mahali hapo wanautambua kwa hakika wakiwa wameuona mzima.

Tatu, usichume uyoga mchanga sana ulio kama yai. Uyoga wenye sumu nao huanza hivyo, na alama zake bado zimejificha.

Nne, kila aina ikae katika chombo chake. Usichanganye kikapuni. Watoto wakirudi, mtu mzima mjuzi aukague uyoga mmoja mmoja.

Tano, kama una shaka, jaribu la vumbi. Kata shina, laza kofia juu ya karatasi, kurasa zikitazama chini. Nusu ya kofia ikae juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya karatasi nyeusi, ili vumbi jeupe nalo lionekane. Funika kwa bakuli usiku mmoja. Weka mbali na watoto na chakula. Nawa mikono.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Jaribio la vumbi halisemi kwamba uyoga ni chakula. Linaweza tu kukuambia kwamba uyoga huu si ule ulioudhani. Vumbi la kijani linakataza. Vumbi la rangi nyingine haliruhusu peke yake.

Sita, bakiza uyoga mmoja mbichi na mzima, bila kuupika, mpaka kesho yake. Jambo likitokea, huo ndio shahidi wako. Siku ile ningekuwa na mmoja tu mkononi, ningejua la kuandika katika karatasi ya hospitali.

Saba, ukibaki na shaka, utupe. Mboga ya siku moja haina thamani ya mtoto.

Imani zisizo za kweli

Wako wanaosema uyoga ulioliwa na wadudu ni salama. Si kweli. Konokono na wadudu hula uyoga unaoua watu.

Wako wanaosema uyoga mweupe ni salama na mwekundu ni sumu. Si kweli. Kati ya uyoga mweupe wamo wauaji, na kati ya mwekundu umo unaoliwa.

Wako wanaotia kitunguu au sarafu katika sufuria. Kisipobadilika rangi, wanakula. Si kweli. Sumu ya uyoga haibadilishi kitunguu wala sarafu.

Wako wanaosema kila uyoga wa karibu na kichuguu ni wa mchwa. Si kweli. Aina nyingine nazo huota hapo. Fuata mzizi.

Wako wanaosema uyoga mtamu hauwezi kuwa na sumu. Si kweli. Waliokula Amanita phalloides wakapona wamesema ulikuwa mtamu.

Mtu akiugua

Kumbuka saa. Andika saa ya kula na saa ya kuanza kuugua. Sasa umejua kusoma na kuandika, kalamu yako ni dawa ya kwanza.

Kutapika kukianza mapema, ndani ya saa 3, mara nyingi sumu ni ya namna isiyoua haraka. Hata hivyo mtoto anaweza kufa kwa kuishiwa maji, basi mlete. Tena inawezekana mtu amekula aina mbili kwa pamoja.

Kutapika kukichelewa, yaani kukianza baada ya saa 6 hadi 24, hatari ni kubwa sana. Huenda ni sumu inayoharibu ini. Mgonjwa anatapika na kuharisha. Kisha siku ya pili anaweza kupata nafuu, akakaa, akaomba uji. Watu wanafurahi na kumrudisha nyumbani. Lakini ndani ini linaendelea kuharibika. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya manjano, na pengine fahamu zinapotea. Nafuu hiyo ni ya uongo. Mgonjwa huyo lazima afike hospitali kubwa, hata kama anasema amepona.

Haya ndiyo ya kufanya:

Mpeleke mgonjwa zahanati au hospitali mara moja. Usingoje asubuhi.

Wote waliokula wafike, hata wale ambao bado hawajaugua.

Leteni uyoga uliobaki, mbichi au uliopikwa, hata maganda ya jalalani. Ufungeni katika karatasi. Mfuko wa plastiki huuozesha upesi.

Kama mgonjwa ana fahamu na anaweza kumeza, mpe maji ya chumvi na sukari njiani. Tumia pakiti ya zahanati kama unayo. Kama huna, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Koroga, mpe kidogo kidogo.

Usimtapishe kwa nguvu kwa kumpa maji ya chumvi nyingi, mafuta, au sabuni. Usitegemee maziwa. Aliyepoteza fahamu usimpe kitu kinywani, mlaze kwa ubavu.

Na usimfiche mganga kitu. Hatukucheki. Tunataka kujua ili tusaidie.

Daftari la kijiji

Ndugu msomaji, uyoga wa Singida uliingia katika vitabu vya dunia kwa sababu wanakijiji walikuwa wanaujua na walikubali kuulizwa. Ujuzi wa wazee wetu ni mkubwa, lakini sehemu kubwa bado imo vichwani. Mzee akifa, unakwenda naye.

Sisi katika kijiji chetu tumeanza. Baada ya mambo yale, darasa la kisomo lilinunua daftari moja. Kila uyoga unaoliwa una ukurasa wake. Tunaandika jina la kienyeji, mwezi unaoota, mahali unapoota, rangi ya juu na ya chini, kilicho chini ya ardhi, rangi ya vumbi, na uyoga gani mbaya unafanana nao. Bibi anasema, vijana wanaandika. Mpaka sasa tuna kurasa 11.

Ukurasa wa 12 aliuandika yule baba mwenyewe. Aliuandika uyoga uliomwumiza yeye na watoto wake. Aliuchora, akaandika chini yake kwa herufi kubwa: HAUNA MZIZI. USIULE.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chenu, ni uyoga gani unaoliwa? Wazee wanautambua kwa alama zipi?

2. Kwa nini ni vizuri kuuchimba uyoga badala ya kuukata juu ya ardhi?

3. Kwa nini mtu aliyehamia kutoka mkoa mwingine anaweza kukosea? Tumsaidieje?

4. Mgonjwa alianza kutapika saa 10 baada ya kula uyoga. Leo anasema amepata nafuu. Je, akae nyumbani? Eleza sababu.

5. Darasa lenu linaweza kuanzisha daftari la uyoga? Nani ataulizwa, na nani ataandika?